Nani Anachekwa?

Katika parokia kuna kazi nyingi. Kuna wenye kuimba, kuna wenye kufagia kanisa, kuna wenye kukesha na wafiwa. Sisi watatu tulipewa kazi ya sinema. Dominika ya pili ya kila mwezi, baada ya Baraka ya Sakramenti Takatifu, twatundika shuka nyeupe katika nyumba ya mikutano, twawasha mashine ya umeme, na watu wanaingia. Watoto hukaa chini, mbele kabisa. Mama hukaa katikati, watoto wachanga mgongoni. Vijana husimama nyuma karibu na mlango, wapate kutoka upesi wakiona kwamba picha ni za mafundisho tu.

Miaka mingi tulionyesha picha za Watakatifu na za Mateso ya Bwana wetu. Zilikuwa nzuri, lakini watu walikwisha kuzijua kwa moyo, hata watoto walimwonya Petro mbele ya wakati kwamba jogoo atawika. Basi mwanzoni mwa mwaka huu Bwana Padri akatuambia: «Tafuteni kitu cha kuchekesha. Watu wana machozi ya kutosha.» Ninyi mnaokaa huku Kivu mwajua alilotaka kusema, hatuna haja ya kulieleza.

Tukapata filimu za zamani sana za Marekani, zile zisizo na sauti. Kwetu sisi zinafaa kuliko zote. Tuna wazee wasiosikia ila mashi, tuna wageni waliokimbia vita wenye lugha zao, tuna watoto wa shule wenye Kifaransa chao. Mtu anayeanguka ndani ya ndoo ya maji hahitaji mkalimani.

Ya kwanza ilikuwa ya Charlie Chaplin, ambaye baba zetu walimwita Charlot kwa kufuata Wabelgiji. Aliitengeneza mwaka 1917, jina lake The Immigrant, maana yake Mhamiaji. Maskini wa Ulaya wanasafiri kwenda Marekani. Meli inayumba, sahani ya supu inateleza juu ya meza toka kwa mtu huyu mpaka kwa yule. Halafu wanaiona sanamu kubwa ya Uhuru katika bandari ya New York, na papo hapo watu wa serikali wanawazuia wote kwa kamba, kama ng'ombe wa soko. Charlot anamtupia afisa teke la matako. Oo, wasomaji, kelele ile! Hata mama mmoja aliyekuwa katika matanga alicheka mpaka akashika mbavu. Nani kwetu asiyeijua kamba ya kizuizi barabarani, na yule mwenye kuishika?

Chaplin mwenyewe alikuwa mtoto wa maskini wa London, naye alifika Marekani kama mgeni. Ndiyo maana alijua kumcheka mwenye kamba, wala si mwenye kufungwa. Hilo tulilifahamu baadaye. Usiku ule tulicheka tu.

Ya pili haikuchekesha. Ilikuwa filimu fupi ya mwaka 1916, A Natural Born Gambler, na mwigizaji wake ni Bert Williams. Watu weusi wanacheza karata kwa siri, polisi wanawakamata, Williams anatiwa gerezani. Mle ndani, peke yake, anacheza karata zisizokuwapo. Anagawa karata za hewa, anawatazama wachezaji wa hewa, na uso wake unaonyesha tumaini, hila, mashaka na huzuni, moja baada ya nyingine, bila neno lo lote. Ni kazi ya ajabu. Lakini watu wetu hawakutazama mikono yake wala macho yake. Walitazama rangi. Uso ulikuwa mweusi si kama wa mtu, bali kama tumbo la chungu cha jikoni.

Mzee mmoja, katekista wa zamani, akasimama akauliza: «Wanangu, huyu ni mtu mweusi, ao ni Mzungu aliyejipaka masizi?»

Tukamjibu: «Baba, ni mtu mweusi aliyejipaka masizi.»

«Ya nini?»

Hatukuwa na jibu. Tuliahidi kutafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tangu miaka ya 1830 Wazungu wa Marekani walikuwa na mchezo wao wa jukwaani. Walichoma kizibo cha chupa, wakajipaka weusi wake usoni, wakaigiza watumwa: kusema ovyo, kuiba kuku, kukimbia kivuli, kulala mchana. Watu walilipa fedha kuwaona. Mchezo ulidumu miaka mingi hata watazamaji wakaamini kwamba mtu mweusi wa kuchekesha ndiye huyo wa kizibo, hakuna mwingine. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, na weusi wenyewe wakataka kupanda jukwaani, waliambiwa: vema, lakini jipakeni. Bert Williams alizaliwa mwaka 1874 katika visiwa vya Bahamas, na rangi yake ilikuwa maji ya kunde. Basi alijipaka ili afanane na mtu ambaye hakuwako mahali po pote, isipokuwa vichwani mwa wale waliolipa.

Alikuwa fundi kweli kweli. Mwaka 1903 yeye na mwenziwe George Walker walipeleka mchezo wao In Dahomey katika tamasha kubwa za New York, kisha London, mpaka mbele ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1910 akaingia katika kundi la Ziegfeld Follies, mweusi kati ya Wazungu, na jina lake likawa kubwa kuliko la wengi wao. Hayo yote kwa uso wa kukopa.

Lakini kuna jambo jingine, nalo lilitupendeza sana. Mwaka 1913, kabla Hollywood haijawa mji mkuu wa sinema, kampuni ya Biograph ilipiga picha za filimu ndefu kule New York, karibu waigizaji wote weusi, na Williams mbele yao. Filimu haikumalizwa. Makopo yake yakalala. Mwaka 1939 jumba moja la makumbusho la New York likayachukua pamoja na makopo mengine mengi, na mwaka 2014, miaka 100 na zaidi baada ya kupigwa, picha zile zikaonyeshwa kwa watu. Tuliona vipande vyake. Williams ana masizi yake kama kawaida. Wengine wote wana nyuso zao. Wamevaa vizuri, wanacheza ngoma ya madaha wawili wawili, wanapanda farasi wa mbao wenye kuzunguka. Kuna binti mzuri, Odessa Warren Grey, na Williams anamposa, na mwisho wanabusiana kwa heshima, wakicheka. Wako wasemao kwamba Williams alikubali kubeba masizi peke yake ili wenzake waonekane walivyo. Ikiwa ni hivyo, alilipa kodi ya nyumba nzima. Alikufa mwaka 1922, umri wake miaka 47.

Mwaka huo huo wa 1922 bwana mmoja wa sinema, Hal Roach, alianza filimu za watoto, zikaitwa Our Gang, yaani Kundi Letu. Kiwanda chake kilikuwa Culver City, karibu na Hollywood. Ndiye aliyetoa pia filimu za Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule mnene. Wazee wetu wa Kongo hawatashindwa kumkumbuka hapa Padri Albert Van Haelst wa Scheut, ambaye katika miaka ya 1950 huko Kasai alitengeneza filimu za Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba wetu wenyewe. Watu walizipenda sana. Mara nyingi Matamata alichekwa kwa kuwa alitaka mambo ya mjini asiyoyaweza, na leo tukikumbuka twajiuliza kidogo nani alikuwa akifurahi zaidi. Lakini tuyaache hayo, yanataka makala yao.

Watoto wa Hal Roach, weupe na weusi, walicheza pamoja. Kati ya wa kwanza alikuwa Ernie Morrison, mzaliwa wa New Orleans. Kisha Allen Hoskins, aliyeanza akiwa mdogo sana, nywele zimefungwa vitambaa, watu wasijue kama ni mvulana ao msichana. Walimwita Farina, ni jina la uji wa ngano. Baadaye akaja Matthew Beard, walimwita Stymie, mwenye kofia ya mviringo kama ya Laurel. Baadaye tena Billie Thomas, walimwita Buckwheat, jina la nafaka. Uji na nafaka! Padri gani angekubali kubatiza hivyo? Haki isemwe: mtoto mmoja Mzungu wa kundi lile aliitwa Alfalfa, ndiyo majani ya kulishia ng'ombe.

Mwezi wa pili tukaonyesha mbili za filimu hizo, na watoto wetu karibu wapasue nyumba. Tuliwaeleza jambo ambalo huenda walilikosa kwa kucheka: watoto wale walikaa benchi moja, walipigana sawasawa, waligawana mkate, walimfanyia hila mwenye duka pamoja. Na wakati ule, katika majimbo ya kusini ya Marekani, sheria ilikataza mtoto mweusi na mtoto mweupe kusoma shule moja. Mahakama kuu ya nchi iliivunja sheria hiyo mwaka 1954 tu. Hata katika nyumba za sinema zenyewe, mahali pengi weusi walipandishwa juu kwenye roshani, ao walikuwa na nyumba zao mbali. Basi kwenye shuka watoto waliketi pamoja, na chini ya shuka baba zao walitengwa.

Hayo ni mazuri, tena ni makubwa. Lakini nani anaogopa mzimu? Farina. Nywele za nani zinasimama kama miiba? Za Farina. Nani akiona tikiti maji anasahau jina lake? Mweusi. Mtoto mweupe naye anafanya ujinga, lakini ujinga wake ni wa mtoto, akikua utamtoka. Ujinga wa Farina umewekwa katika ngozi. Katika miaka ya 1970, filimu hizo zilipokuwa zikionyeshwa katika televisheni ya Marekani, walikata sehemu za namna hiyo. Wakikata dhihaka, mara nyingine walimkata na mtoto mwenyewe, maana alikuwa ndani yake. Mshike neno hilo, wasomaji. Litarudi.

Baada ya filimu kijana mmoja wa nyuma, wa wale wa mlangoni, akauliza kwa sauti: «Na Kanisa letu lilikuwa wapi?»

Swali la haki. Tukatafuta tena. Mwaka 1927 kampuni ya MGM ilitoa filimu ya kuchekesha juu ya jamaa mbili za Waairishi wa Marekani, The Callahans and the Murphys. Waairishi wale ni Wakatoliki, nao walionyeshwa wakilewa na kupigana, hata siku ya Mtakatifu Patrisi. Waairishi hawakucheka. Waliandika, walilalamika, walifanya fujo katika nyumba za sinema, na wengine walitupa chupa za harufu mbaya ndani yake. Kampuni ikashindwa, ikaiondoa filimu. Walikuwa wengi, walikuwa na kura, walikuwa na magazeti na maaskofu.

Miaka mitatu baadaye, 1930, Myezuiti mmoja, Padri Daniel Lord, pamoja na mlei Martin Quigley, waliandika kanuni za kufuatwa na watu wa sinema. Toka 1934 zikatiwa nguvu kabisa, na msimamizi wake, Joseph Breen, alikuwa Mkatoliki. Kanuni zilikataza kumfanya padri ao mhudumu wa dini yo yote kuwa mtu wa kuchekwa. Ziliagiza pia kwamba watu wa mataifa mengine waonyeshwe kwa haki. Vizuri. Lakini mtu mweusi wa Marekani hakuwa taifa jingine, alikuwa wa nyumbani, basi hakupata ulinzi huo. Tena kanuni hizo hizo zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi, hata kama ni mume na mke. Kifungu hicho kilitoka katika orodha ya zamani ya 1927, lakini hakikufutwa, kilinakiliwa. Kanuni zilidumu mpaka 1968. Twalisema hili kwa uchungu, maana ni habari ya nyumba yetu. Sisi Wakatoliki tulijua sana maumivu ya kuchekwa, tukajijengea ukuta, na jirani tukamwacha nje ya ukuta.

Mwezi wa tatu tukaonyesha filimu yenye sauti, Judge Priest ya mwaka 1934. Ndani yake mna Will Rogers, mtu wa kabila la Cherokee, wenyeji wa nchi ile kabla ya Wazungu. Alipata kuwa mchekeshaji aliyependwa kuliko wengi, na aliwacheka wakubwa wa serikali, hakuwa na lazima ya kujifanya mpumbavu. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1935. Pamoja naye yumo Lincoln Perry, na huyo ndiye aliyetuletea taabu.

Lincoln Perry alizaliwa mwaka 1902 huko Key West, Florida, naye alikuwa Mkatoliki kama sisi. Jina lake la sinema lilikuwa Stepin Fetchit, ni kama kumwambia mtumishi: ingia, kalete. Alijulikana kuwa mtu mvivu kuliko watu wote wa dunia. Anatembea kana kwamba mifupa yake imelala. Anakuna kichwa, anasema maneno nusu, yanakufa kinywani. Kwa uvivu ule alipata fedha nyingi sana. Husemwa kuwa ndiye mwigizaji mweusi wa kwanza kufikia milioni ya dola. Naye hakuwa mvivu hata kidogo. Aliandika katika Chicago Defender, gazeti la weusi, aligombana na wakubwa wa sinema kwa ajili ya malipo na heshima, na mwisho fedha zikamwishia: mwaka 1947 alitangaza kwamba hana kitu. Mwaka 1968 televisheni ilimwonyesha kuwa mfano wa aibu ya watu weusi. Alishitaki mwaka 1970, akashindwa 1974. Mwaka 1976 shirika la kutetea haki za weusi, NAACP, tawi la Hollywood, likampa heshima. Alikufa mwaka 1985.

Waliomtetea walisema hivi: uvivu ule ulikuwa silaha ya mtumwa. Bwana akimtuma mara tatu na kitu kinaharibika mara tatu, bwana atafanya mwenyewe. Sisi wa Kongo twaijua hila hiyo. Babu zetu, wakati wa kazi za lazima, walikuwa na «Ndiyo Bwana» nyingi na mipini ya majembe yenye kuvunjika vunjika. Basi twamwamini Perry nusu. Nusu nyingine hatuwezi, kwa sababu mtoto aketiye mbele ya shuka haioni silaha. Anaona mvivu, na mvivu huyo ana rangi yake.

Siku ile watu wetu walikasirika. Vijana walisema: «Wametuchezea!» Mwalimu mmoja alisema tusionyeshe tena filimu za namna hii. Sisi watatu tulisimama mbele, tukatoa hotuba ndefu juu ya heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Twakiri kwamba hotuba ilitupendeza sisi wenyewe.

Ndipo aliposimama mama wa vyungu. Twamwita hivyo kwa kuwa ndiye mwenye kufinyanga vyungu vyetu vyote vya maharagwe. Ni Mtwa. Watwa wa kwetu walikuwa watu wa msituni. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970, katika miaka iliyofuata walitolewa, wakawa watu wa kando ya mashamba ya wengine. Kanisani hukaa nyuma. Katika sinema vilevile. Hatukuwahi kuwaambia wakae nyuma, wala hatukuwahi kuwaambia waje mbele.

Akasema polepole: «Wanangu, mnamwonea uchungu huyu wa Marekani. Ni vizuri. Noeli iliyopita, yule mwenye masizi katika mchezo wenu alikuwa nani?»

Hakuna aliyejibu. Mashine ya umeme ilinguruma nje, tukaisikia kuliko siku zote.

Yafaa tueleze, maana ninyi hamkuwapo. Sisi watatu ndio waandishi wa mchezo wa Noeli. Kila mwaka, wachungaji wakienda Betlehemu, yuko mchungaji mmoja wa kuchekesha. Ni Mtwa. Mmoja wetu humwigiza: hujipaka makaa ya jikoni, huvaa gunia, huiba ndizi za mwenye nyumba ya wageni, husema Kiswahili kilichovunjika, na malaika akitokea, hukimbia na kuanguka juu ya kondoo. Kila mwaka watu wanamngoja huyo. Kusema kweli, wanamngoja kuliko Mtoto Yezu. Tulimfanya kwa miaka 11. Tulikuwa tumejifunza habari zote za kizibo cha chupa, tumetaja miaka na majina, na masizi yalikuwa bado katika kopo nyuma ya jukwaa letu.

Hatukuwa na nia mbaya. Lakini nadhiri ya kusema hivyo tumeifuta, kwa sababu wale wa kizibo nao walisema hivyo.

Jumatano tukaenda kwake, kuomba msamaha. Alikuwa akipanga vyungu kwa siku ya soko. Tukaanza: «Mama, tumekuja kwa ajili ya maneno ya Dominika.» Akajibu: «Nikikaa kuwasikiliza, vyungu vitabebwa na nani?» Basi tukavibeba. Njia ya soko ni mteremko na mawe, na mmoja wetu, hatumtaji, alivunja viwili. Tulivilipa. Hapo ndipo alipocheka, akacheka sana, na tulikuwa sisi wenye kuchekwa.

Njiani tukamwambia tumekata shauri: mchungaji yule tunamwondoa katika mchezo kabisa. Tulidhani atafurahi. Akatua mzigo, akasema: «Mkimwondoa, basi hatumo. Mlikuwa mkitucheka; sasa hamtatuona.»

Mwaikumbuka televisheni iliyomkata mtoto pamoja na dhihaka. Ndiyo yale yale, na sisi tulikuwa na makasi mkononi.

Tukamwuliza afanyeje mtu. Akasema ana kijana, mwenye miaka 16, anajua kusoma, sauti yake ni kubwa. Tumwulize yeye. Kijana alikuja jioni moja baada ya rozari, akaketi pembeni, akasoma karatasi zote za mchezo toka mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Tulimweleza kwamba anaweza kuwa mchungaji mwema, bila masizi, ao mmoja wa wafalme watatu, yule mwenye manemane. Tulikuwa tumemshonea tayari kanzu ya mfalme mawazoni.

Akasema anataka kuwa Herode.

Baraza la parokia limeketi mara mbili juu ya jambo hili. Wengine wanasema haiwezekani: watu wataona Mtwa mwuaji wa watoto, na tutakuwa tumetoka katika tope na kuingia katika moto. Wengine wanasema Herode alikuwa Herode miaka yote, na alipoigizwa na mtoto wa mwenye duka, hakuna aliyeyachukia maduka. Sisi watatu tumegawanyika, wawili kwa mmoja, na zamu hubadilika. Bwana Padri alimwita kijana, akamwuliza kwa nini Herode, katika watu wote wa Injili.

«Mon Père,» alijibu, «ni yeye peke yake mwenye kiti.»

Tulitazama karatasi zetu. Ni kweli. Tulikuwa tumeandika viti vingi, lakini ni Herode tu anayekaa, wengine wote husimama wakimngoja aseme. Padri alinyamaza kitambo, halafu akatuambia tuchukue kiti kikubwa cha mbao kilichomo katika nyumba ya mapadri, kile cha askofu akija kutoa kipaimara. Kimefika jana, watu wanne walikibeba. Mama wa vyungu amekipangusa vumbi mwenyewe. Mazoezi yanaanza kesho.